Maji ya Wageni

Mzee Makaa alikuwa ameshafungwa kitambaa shingoni, mashine iko mkononi mwa kinyozi, lakini kinyozi hakuiwasha. Alikuwa anamkodolea mteja wake macho kwenye kioo. Macho ya yule muuza makaa, ambayo miaka yote yalikuwa mekundu kwa vumbi, siku hiyo yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai.

“Vipi, unangoja umeme?” Mzee Makaa akauliza.

“Mkojo wako una rangi gani?”

“Ala! Nimekuja kunyolewa au kupimwa?”

“Nijibu, mzee wangu.”

“Kama chai isiyo na maziwa. Haya, nyoa. Au unataka kujua na sukari yake?”

Benchi zima likaangua kicheko. Kinyozi hakucheka. Macho ya namna hiyo alishayaona kwa mchomelea vyuma, akayaona kwa mama wa genge la nyanya, na mama wa nyanya sasa alikuwa hawezi hata kunyanyua kapu lake. Akawasha mashine, akanyoa, na kila alipoinua uso alikutana na yale macho kwenye kioo.

Na tuseme kweli, hofu yake haikuwa kwa ajili ya Mzee Makaa. Nyuma ya pazia la kibanda, kwenye chumba walichopanga, alikuwa anaishi na binti yake wa pekee, mjamzito wa mimba ya kwanza, mumewe yuko mbali kwenye kazi za ujenzi. Muuguzi wa zahanati, aliyekuja siku moja kupunguzwa nywele, alimwinamia kinyozi sikioni akamwambia: “Haya manjano wengi wanaugua wanapona. Mjamzito ndiye anayeondoka. Mchemshie maji binti yako, yachemke mpaka yatokote, asinywe hata funda la bombani.” Tangu hapo, mbele ya mlango wao palikuwa na jiko lisilozimwa na sufuria yenye masizi, na kinyozi alikuwa akitoka katikati ya kichwa cha mtu, mashine inanguruma, kwenda kuchungulia kama maji yanatokota.

Mtaa ulimwita Kipaza. Jina alipewa zamani, siku alipopanda juu ya pipa la taka kupigia kelele taka zenyewe, na tangu hapo hakuwahi kushuka. Hakusoma sana. Alichojua alikiokota kwenye magazeti ya kufungia maandazi, kwenye redio, na kwa wateja, na akikiokota hakitupi. Aliweza kukutajia kiongozi gani alisimama wapi, kavaa shati gani, akaahidi nini. Huku bondeni watu hawakumbuki miaka kwa tarakimu. Utasikia fulani alizaliwa mwaka wa surua, fulani alihamia mwaka wa kuhara damu, ile nyumba iliezekwa mwaka wa macho mekundu. Mkewe Kipaza alifariki mwaka wa kipindupindu, na waliokuja baadaye na magari na vipaza sauti vya kweli walisema watu wa bondeni wanawe mikono. Wanawe mikono kwa maji yaleyale!

Maana ubaya wenyewe haukuwa siri. Bomba la maji la bondeni lilikuwa linapita ndani ya mtaro wa maji machafu. Sikusema kando. Ndani. Waliolichimbia waliona mtaro ndiyo njia fupi, wakalilaza humo, wakafukia, wakapiga picha na kukata utepe. Bomba likaliwa na kutu. Maji yakiwapo yana nguvu, huvuja kwenda nje, hakuna neno. Yakikatika, na yalikuwa yanakatika kila uchao, bomba hubaki tupu na kunyonya kilicho nje. Kisha maji yanarudi, tangi la mtaa linajaa, akina mama wanapiga kelele “Yamerudi! Yamerudi!” na watu wanakimbia na ndoo kuyawahi yale ya kwanza, ambayo ndiyo yenye kila kitu.

Kipaza alikwenda manispaa kutaka maji yapimwe. Akaenda tena. Bwana Afya, yule afisa wa afya aliyekabidhiwa bonde lote, alikuwa mtu mpole, mwenye meza safi, na upole wake ulikuwa unachosha kuliko matusi.

“Mzee wangu, si wewe ndiye uliyesema mnara wa simu unaleta kikohozi?”

“Nilikosea kwenye mnara. Kwenye bomba sikosei.”

“Ukaleta watu hapa na mabango.”

“Bwana Afya, mnara hauna kinyesi ndani. Bomba linacho.”

Kila alipokwenda, habari ya mnara ilimtangulia mlangoni. Hata mtaani, akianza tu kuzungumzia maji, kuna mtu angesema, “Kipaza, na leo mnara unasemaje?” na watu wanajishika mbavu. Lakini alikaza. Alikaa kwenye kiti cha korido hadi mfagiaji akawa anamfagia na vumbi. Mwishowe Bwana Afya, labda kwa kumhurumia, labda kwa kuchoka kumruka miguu kila akipita, akasema: “Basi. Jumanne ijayo tunakuja kuchukua sampuli. Waambie watu wako wawepo.”

Ungemwona siku ile alivyorudi! Alishuka ule mteremko kama aliyepata mjukuu. Hakufika hata kibandani. Alipitiliza kwa dada yake, yule ambaye mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, humwita Shangazi. Yeye ndiye mkuu wa kikundi cha akina mama wanaolinda tangi na kufagia barabara, mwanamke ambaye unyasi mmoja ukianguka uani kwake humkosesha usingizi.

“Dada, wanakuja! Jumanne! Manispaa nzima!”

“Usinitanie.”

“Wanakuja kupima. Waambie wote. Wapokeeni vizuri, tusije tukaonekana watu wa ovyo.”

Aliyasema hayo kwa mdomo wake. Akatoka hapo akayasema kwa mchomelea vyuma, akayasema gengeni, akayasema kwa kila kichwa alichokinyoa hadi siku yenyewe.

Jumanne ikafika. Barabara ilikuwa imefagiwa na kunyunyiziwa maji. Mawe ya kando ya tangi yalipakwa chokaa. Tangi lenyewe, ambalo juzi lilikuwa na utando wa kijani shingoni, lilikuwa linang’aa kama limetoka dukani, na bomba lake lilisuguliwa kwa majivu. Akina mama walijifunga vitambaa vya sare. Kipaza alitazama akaona fahari imempanda kichwani. Alisikia harufu kali kidogo, akadhani ni sabuni ya kudekia.

Bwana Afya akaja na kijana wa maabara mwenye kisanduku. Yule kijana akakinga maji kwenye vichupa, akafunga, akaandika. Bwana Afya akakinga kidogo kwenye kiganja, akakisogeza puani. Akanusa. Akamtazama Shangazi, akatabasamu.

“Mnajitahidi, mama.”

“Tunajitahidi, baba, karibu. Mletee bwana maji ya kunywa, kwenye glasi ile.”

“Ninayo yangu kwenye gari, ahsante.”

“Usituogope bwana!” Mzee Makaa akadakia, manjano yake machoni. “Mimi nayanywa na unaona ninavyometameta!”

Watu wakacheka, na Bwana Afya akacheka nao, akapanda gari.

Majibu yalisomwa mbele ya ofisi ya mtaa, watu wamesimama juani. Bwana Afya alisoma taratibu. Maji ya tangi la bondeni yamepimwa, yamekutwa salama, yanafaa kunywewa bila shaka yoyote. Ugonjwa wa manjano unaoonekana unatokana na vyakula vya barabarani na tabia za watu binafsi. Akafunga jalada. Watu wakapiga makofi, na hilo ndilo lililomuua Kipaza pale pale aliposimama. Walikuwa wanashangilia. Mtu akiambiwa yeye si mchafu hupiga makofi, hata kama anaumwa. Mama wa nyanya peke yake hakupiga, kwa kuwa alikuwa amelala ndani. Na siku iliyofuata askari wa manispaa wakaja wakabeba genge lake, kwa kuwa ni chakula cha barabarani.

“Kipaza!” mtu akapiga kelele. “Rudi kwenye mnara!”

Alifungua mdomo. Siku nyingine zote mdomo ule ungejijibia wenyewe. Lakini alijiuliza, na kama kweli nimekosea? Nilikuwa na uhakika vilevile na mnara. Akafunga mdomo, akarudi kibandani, akakaa kwenye kiti cha wateja.

Jioni ile alimkuta binti yake anasugua masizi ya sufuria kwa mchanga.

“Unafanya nini, mama?” Alimwita mama, kwa kuwa alirithi jina la mama yake Kipaza.

“Naipumzisha, baba. Shangazi kasema maji yamepimwa na wasomi, najipikia moshi wa nini? Na kifua changu hiki. Na makaa yenyewe yalivyo ghali.”

“Muuguzi alisema...”

“Muuguzi alisema kabla hayajapimwa.”

Alikuwa mzito, miguu imevimba, jasho linamtiririka kwa lile jiko. Kipaza alimtazama, akaona jinsi alivyochoka. Ofisi nzima imesema salama. Yeye ni nani? Akasema, “Haya, mama. Pumzika.” Ndiyo siku jiko lilipozimwa.

Wiki zikapita. Maji yakakatika yakarudi, yakakatika yakarudi.

Siku moja Shangazi alimwita nduguye akamnyoe mume wake, ambaye hakuwa anatoka tena kitandani kwa miguu. Kipaza akanyoa, akamaliza, akaomba kitambaa cha kufutia shingo. “Chukua kwenye kabati la vioo,” Shangazi akasema kutoka jikoni, “angalia usinivunjie sahani za wageni.” Kabati lile Kipaza alilijua tangu udogoni, lilikuwa la mama yao. Ndani yake zilipangwa sahani zenye maua ambazo watoto wa nyumba ile walikua bila kuzilia hata mara moja. Zilikuwa za wageni, na wageni hawakuwa wengi. Nyuma ya sahani, kati ya glasi zilizofunikwa kitambaa, palikuwa na chupa kubwa ya buluu. Akaivuta. Dawa ya maji. Imetumika hadi chini kidogo ya shingo. Akafungua kifuniko, na ile harufu ya Jumanne ikampiga puani.

“Dada. Hii nini?”

“Dawa ya tangi. Tulichanga. Si siku ile ya wageni wako!”

“Mlitia lini?”

“Usiku wa kuamkia. Tulilimwaga lote, tukalisugua, tukajaza, tukatia.” Akatoka jikoni anafuta mikono, uso wake una furaha ya mtu anayengoja kusifiwa. “Sasa ulitaka wakute yale madude yanaelea? Uliniambia mwenyewe tusionekane watu wa ovyo.”

“Na baada ya hapo? Mlitia tena?”

“Tutie tena kuna mgeni gani? Ile kitu ina bei, mdogo wangu. Na wenyewe si wamesema maji mazuri?”

“Dada, walipima dawa yenu!”

Hakuelewa. Kipaza alimwona anaanza kuelewa, kidogo kidogo, kama mtu anayesikia hodi kutoka mbali. Kisha Shangazi akaifungia mlango ile hodi. “Kama yalikuwa mabaya wangesema,” akasema kwa sauti ndogo. “Wale ni watu waliosoma. Wangesema.”

Kipaza alipanda mteremko hadi manispaa na kitambaa cha kunyolea kikiwa bado begani. Aliingia bila kubisha. Akamweleza Bwana Afya kila kitu, na Bwana Afya akamsikiliza hadi mwisho, mikono imelala juu ya meza safi.

“Najua,” akasema.

“Unajua?”

“Nilinusa. Nimefanya kazi hii muda mrefu, mzee wangu. Kila tunapokwenda, tunakuta watu wametia dawa. Na mimi huwa nafurahi. Angalau siku moja wamekunywa maji safi.”

“Lakini ulisoma kwamba ni salama!”

“Yalikuwa salama. Nilisoma yaliyokuwamo kwenye kichupa.”

“Rudi ukapime. Leo. Usimwambie mtu.”

Bwana Afya alishusha pumzi, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. “Nikipima nikakuta machafu, nitaandika bomba lihamishwe. Barua itapanda. Waliolilaza humo wako juu yangu, na wengine wako juu yao. Nimeshaandika, mzee, kabla wewe hujaanza kukaa kwenye korido yangu. Unajua nilijibiwa nini? Kwamba nikapime tena, na niwape wananchi taarifa mapema ili washiriki.”

Hapo Kipaza alitafuta tusi. Alikuwa nayo mengi, ya miaka. Hakuna hata moja lililokaa vizuri juu ya mtu yule. Akatoka.

Njiani alikimbia, mtu mzima wa umri wake. Atawasha jiko mwenyewe, atasugua sufuria mwenyewe, atamwaga kila tone ndani ya chumba kile. Alimkuta binti yake kibandani, amekaa kwenye kiti cha wateja, miguu juu ya kigoda, anajipepea.

“Baba, nipunguze nywele. Joto hili litaniua kabla ya mjukuu wako.”

“Umekunywa maji leo?”

“Siwezi kunywa kitu. Kila kitu kinanirudia. Si mimba hii.” Akacheka. “Haya nyoa, usinidai tu.”

Kipaza akamfunga kitambaa. Akachukua mashine. Hakutaka kuinua uso. Alianza kwa nyuma, kisogoni, akaenda polepole kuliko alivyowahi kumnyoa mtu yeyote, akaja masikioni, akamaliza kulia, akamaliza kushoto, hadi hapakuwa na pa kunyoa tena ila mbele. Akainua uso.

“Baba? Mbona umesimama?”

Mashine ilikuwa inanguruma mkononi mwake, haimnyoi mtu.

Wodi ya wajawazito ilikuwa imejaa, na Kipaza alizijua sura zote. Wote walitoka bondeni. Yule muuguzi wa zahanati, aliyeazimwa kwenda kusaidia huko, alimwona akageuza uso. Binti alianza kusema maneno yasiyoeleweka, akamwita mumewe kwa jina la mbwa waliyekuwa naye utotoni, kisha hakusema kitu. Mtoto alitangulia. Mama akamfuata kabla jua halijapanda vizuri.

Msibani Shangazi ndiye aliyeshika kila kitu. Alifagia ua hadi udongo ukang’aa. Alikopa viti, akafunga turubai, akaosha sahani za maua na kuzitoa zote kabatini, za mama yao, zile ambazo marehemu hakuwahi kuzilia chakula. Macho yake yalikuwa yamevimba na mikono haitulii. Kipaza alikuwa amekaa pembeni kwenye mkeka, anamtazama tu. Alimwona anabeba ile chupa ya buluu, anaikumbatia kifuani kama mtoto, anainama juu ya pipa la maji ya wafiwa na wageni. Akamimina. Akasita. Akageuka.

“Nimetia ya kutosha, mdogo wangu?” Sauti yake ilikuwa imevunjika kabisa. “Niambie. Wewe ndiye unayejua.”

Watu wakamtazama Kipaza. Walijua sasa, mambo kama hayo hayafichiki. Walingoja kelele. Walioleta mzaha wa mnara walikuwa wameinamisha vichwa, wako tayari kupokea chochote atakachosema, na kama kuna siku ambayo angesimama juu ya pipa mtaa mzima ukamfuata hadi manispaa, ilikuwa ile.

“Yametosha, dada,” akasema.

Bwana Afya alikuja kutoa pole. Safari hii hakuja na maji yake. Alipewa maji kwenye glasi ya wageni, akaisogeza puani kwa mazoea, kisha akayanywa yote, taratibu, hadi tone la mwisho, machozi yanamtoka. Alikuwa na kiu, pengine. Au alikuwa mtu mwema. Haikubadilisha kitu.

Kibanda kilifunguliwa tena baada ya msiba. Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Makaa, aliyekonda lakini amepona, kama wengi wanavyopona. Alipokaa, aliona kiti kimegeuzwa. Kioo kiko mgongoni, uso unatazama barabarani.

“Kipaza, sasa nitajionaje?”

“Nitakunyoa vizuri.”

“Najua utaninyoa vizuri. Nasema, kioo?”

“Huku kuna mwanga zaidi.”

Mzee Makaa akainamisha kichwa. Kipaza akawasha mashine, akaanza kisogoni, macho yake hayapandi juu ya nywele. Ng’ambo ya barabara, tangi lilikuwa tupu tangu juzi na ndoo zilikuwa kwenye foleni, zimefungwa kamba zisiibiwe. Bomba likakohoa, likatema upepo, likatema kitu cheusi, kisha likaanza kutiririka.

“Yamerudi!” akina mama wakapiga kelele. “Yamerudi!”

Watu wakakimbia. Kipaza akaendelea kunyoa.